Seneta wetu ni wa chama au wa kaunti? Uzi wa kuzisoma kura zake kabla ya kumhukumu

Mkaazi wa Kuze (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Uzi huu umetokana na ubishi uliotuchukua barazani kwetu, Mji wa Kale, tangu baada ya swala ya isha hadi saa nne za usiku Ijumaa iliyopita. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba seneta wa Mombasa, awe ni huyu wa sasa au yeyote atakayemfuata, ni muhuri wa chama tu: chama kikisema ndiyo naye husema ndiyo, chama kikigeuka naye hugeuka. Ami yangu, ambaye hana haya ya kumkatiza mtu maneno, akaiweka chini kikombe chake cha kahawa na kumuuliza swali moja: "Kura zake umeziona, au umezisikia?" Yule mwenzetu akanyamaza, nasi sote tukanyamaza pamoja naye, kwa kuwa hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuziona.

Asubuhi yake nilikwenda saiba moja karibu na Makadara, nikazitafuta kumbukumbu rasmi za Bunge, yaani Hansadi, nikachapisha kurasa za siku chache ambazo maseneta waliitwa mmoja mmoja kupiga kura. Ninawaeleza nilichokiona, kwa sababu hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Ukurasa wa kura una orodha ya waliokubali, halafu ya waliokataa, kisha ya waliojizuia. Katika baadhi ya kura, kando ya jina la kila seneta limeandikwa jina la kaunti yake. Katika kura nyengine hakuna kaunti, ni majina matupu. Mwanzo nilidhani ni uzembe wa mchapaji. Nilipofungua Katiba ndipo nilipofahamu kwamba hizo ni kura za aina mbili tofauti kabisa, na kwamba mtu akizichanganya, hesabu yoyote atakayoifanya juu ya utiifu wa seneta itakuwa batili tangu mwanzo.

Kifungu cha 123 cha Katiba ya 2010 kinasema hivi kwa maana yake: maseneta wote walioandikishwa kuwa wapiga kura katika kaunti moja ni ujumbe mmoja, na yule aliyechaguliwa na wananchi ndiye kiongozi wa ujumbe huo. Jambo likiwa linazihusu kaunti, kila ujumbe una kura moja tu, nayo hupigwa na kiongozi, au na mwenzake aliyemteua ikiwa yeye hayupo, baada ya kushauriana na wenzake wa ujumbe huo. Jambo likiwa halizihusu kaunti, kila seneta ana kura yake, akiwemo yule aliyeteuliwa na chama. Seneti ina maseneta 67, mbali na Spika: 47 tuliowachagua sisi, wanawake 16 walioteuliwa na vyama, vijana wawili, na watu wawili wanaowakilisha wenye ulemavu.

Basi tazameni tofauti. Katika kura ya aina ya kwanza anayepiga kura kisheria ni Mombasa, na seneta ni kinywa chake. Katika aina ya pili anayepiga kura ni mwanasiasa mwenye kadi ya chama. Mtu akiniambia kwamba seneta fulani amekifuata chama chake mara tisa kwa kila kumi, swali langu la kwanza ni: katika kura zipi? Kumfuata kiranja, yaani yule anayewasimamia wabunge wa chama wapige kura kama chama kinavyotaka, katika hoja ya kuunda kamati hakunikeri hata kidogo. Kumfuata katika mgao wa fedha za zahanati za Jomvu ni jambo jengine.

Lakini hilo bado si jambo lililonishangaza zaidi. Katika mambo ya kaunti, Katiba haisemi kwamba hoja itapita ikiungwa mkono na wengi wa waliohudhuria. Inataka wengi wa jumbe zote, na jumbe ziko 47, kwa hiyo ni lazima zipatikane kura 24 za ndiyo. Hapo hapo, kifungu cha 121 kinaruhusu kikao kuendelea kukiwa na maseneta 15 tu. Maana yake ni kwamba mjadala unaweza kuendelea mchana kutwa na watu 15, wakasema maneno matamu juu ya ugatuzi, kisha ikifika saa ya kupiga kura Spika akaahirisha kwa kuwa jumbe hazitoshi. Na maana yake nyengine, ambayo ningeomba muiangalie vizuri, ni kwamba seneta asiyekuwepo, na ambaye hakumteua mtu wa kupiga kura badala yake, amefanya kazi ile ile ya aliyesema hapana. Hakuna atakayemlaumu kwa kuwa jina lake halimo katika orodha yoyote. Chama kinachotaka kuuzamisha mswada bila ya kuonekana hakina haja ya kuwaambia watu wake waupinge. Kitawaambia wakanywe chai.

Ndiyo maana nasema orodha ya kura peke yake inaonyesha nusu ya utiifu. Nusu nyengine imo katika majina yasiyokuwemo.

Niongeze pia kwamba mambo mengi katika Seneti huamuliwa kwa sauti. Spika anauliza, wanaokubali wanasema ndiyo, wanaokataa wanasema la, naye anasikiliza ni upande gani wenye sauti kubwa. Kura hiyo haina jina la mtu. Niseme na hili, ingawa ni la pembeni: katika saiba ile nililipa shilingi kumi kwa kila ukurasa, na zaidi ya nusu ya kurasa nilizozilipia hazikuwa na kura hata moja yenye jina.

Naomba michango yenu. Nisingependa uzi huu uwe wa kumtukana wala kumsifu mtu.

---

Bint Likoni

Shukran kaka kwa kazi hii. Mimi ninavuka feri kila siku na siku nyingi husikia mazungumzo haya haya pantoni, kwa hiyo nimefurahi kuyaona yamewekwa kwa utaratibu. Hata hivyo ninaona umelikwepa jambo kubwa. Mwaka 2024 vijana walitoka barabarani nchi nzima kwa ajili ya Mswada wa Fedha. Wabunge waliupigia kura, na majina yao yakasambazwa kwenye simu za watu. Mbona hukutueleza seneta wetu alipiga kura gani siku ile? Kama kuna kura ya kumpima mtu baina ya chama na wananchi, si ndiyo hiyo?

---

Mkaazi wa Kuze

Dada yangu, sikulikwepa. Seneta wetu hakupiga kura siku ile, wala seneta wa Nairobi, wala wa Turkana. Mswada wa Fedha ni mswada unaohusu kodi, na kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Katiba miswada ya aina hiyo huamuliwa na Bunge la Taifa peke yake. Seneti haiuoni. Ninajua kwamba maseneta wengi walipigiwa simu na kutukanwa wakati ule, na nadhani baadhi yao walistahili kulaumiwa kwa ukimya wao, lakini kura hawakuwa nayo.

Kuna kura zilizopita Seneti ambazo zilitugusa mifukoni na ambazo watu hawazikumbuki. Mswada wa nyumba za bei nafuu wa mwanzo wa 2024, uliorudisha makato ya mishahara baada ya Mahakama kuyakataa ya awali, ulipita Seneti kabla ya Rais kuutia saini mwezi wa Machi. Ukitaka kumpima seneta kwa jambo la kodi na kipato, anza hapo.

---

Mwalimu Mstaafu, Tudor

Ndugu Mkaazi, nimekusoma kwa makini, na kama ilivyo ada yangu nitarudi nyuma kidogo, maana vijana wengi wanadhani Seneti ilizaliwa 2010.

Kenya ilipata Seneti yake ya kwanza 1963, ikiwa na maseneta 41, na asili yake ina uhusiano mkubwa na sisi watu wa Pwani. Chama cha KADU, ambacho kiliongozwa na Ronald Ngala, mtu wa huku kwetu, kilidai serikali ya majimbo kwa hofu kwamba jamii ndogo zingemezwa na zile kubwa zilizokuwa ndani ya KANU. Seneti ilikuwa ni kufuli la kulinda mlango huo. Kufuli halikudumu. Mwezi wa Novemba 1964 Ngala alikivunja chama chake na kuvuka na wafuasi wake kuingia KANU, na mwezi uliofuata nchi ikawa jamhuri isiyokuwa na majimbo. Mwishoni mwa 1966 ikapitishwa sheria ya kuyaunganisha mabunge mawili, na Seneti ikafa.

Ninalikumbusha hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, ule uamuzi wa Ngala unaweza kuitwa usaliti wa chama au uaminifu kwa watu wake, kutegemea ni nani unayemuuliza, na mimi nimewasikia wazee wa hapa wakibishana juu yake tangu nikiwa mwanafunzi. Ya pili ni sheria. Mwaka 1966, Jaramogi Oginga Odinga alipojitoa KANU na kuongoza chama kipya cha KPU, serikali ilibadilisha Katiba haraka ili mbunge au seneta aliyehama chama kilichomchagua arudi kwa wapiga kura. Uchaguzi mdogo wa mwaka ule, ambao ulikuwa mkubwa kweli kweli, ulitokana na mabadiliko hayo. Kanuni hiyo bado tunayo. Kifungu cha 103 cha Katiba ya sasa kinasema kiti kitakuwa wazi ikiwa aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama atajiuzulu kutoka chama hicho, au atahesabiwa kuwa amejiuzulu kwa mujibu wa sheria. Nayo Sheria ya Vyama vya Kisiasa inasema mtu huhesabiwa kuwa amejiuzulu hata kwa kupigia debe sera na maslahi ya chama chengine.

Kwa hiyo, kijana wangu, usisahau kwamba seneta anayepiga kura yuko chini ya rungu. Ukiupima utiifu wake bila ya kulitaja rungu hilo, utaiita mapenzi ilhali ni hofu.

---

Baharia wa Zamani

Mwalimu amenifungulia njia. Nimefanya kazi melini miaka mingi na nimekaa Marekani kwa muda, na huko jambo hili la kuhesabu kura za seneta limekuwa kama hesabu za mpira. Kila mwaka kunatolewa takwimu za nani amekifuata chama chake kwa asilimia ngapi. Lakini ni lazima tukumbuke tofauti iliyopo. Seneta wa kule akihama chama habanduki kwenye kiti chake. Mwaka 2001 seneta wa Vermont, Jim Jeffords, alikihama chama cha Republican akawa huru, wakati ambapo Seneti yao ilikuwa imegawanyika 50 kwa 50, na kwa hatua hiyo ya mtu mmoja uongozi wa Seneti nzima ukahamia kwa Democrat. Aliendelea kukaa kitini mpaka muhula wake ulipomalizika. Hapa kwetu angepokea barua ya msajili wa vyama kabla ya kufika nyumbani.

Na tarehe 28 Julai 2017 nilikuwa macho usiku wakati seneta John McCain alipogeuza kidole gumba chini na kuuangusha mswada wa chama chake mwenyewe juu ya bima ya afya, kwa kura 51 dhidi ya 49. Nimeitaja kura hiyo kwa sababu, ukitazama asilimia zake, McCain alikuwa mtu wa chama katika mambo mengi. Asilimia isingekuambia kitu juu ya usiku ule.

---

Mkaazi wa Kuze

Mwalimu, nimekubali, na ninashukuru kwa hilo la rungu. Bwana Baharia, umenisaidia kulisema nililokuwa nikilitafuta: siku zinazotufunza kitu ni zile chache ambazo chama na kaunti zilikwenda njia mbali mbali. Nyengine zote ni upepo mwanana. Ninawaletea siku mbili tatu nilizozipitia.

Siku ya kwanza si moja, ni wiki nyingi za mwaka 2020. Kila baada ya miaka mitano Seneti huweka msingi wa kugawanya fedha baina ya kaunti. Mwaka ule fomula ya tatu ilitia uzito mkubwa katika idadi ya watu, na kaunti kadhaa zikawa zipoteze, Mombasa ikiwa miongoni mwao, pamoja na ndugu zetu wa Kwale, Kilifi na Tana River na kaunti za kaskazini. Waliotaka fomula ile walisema mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Waliokataa walikuwa wametoka pande zote: wa Jubilee na wa ODM na wa Wiper wamekaa ubavu kwa ubavu, na viranja wa pande zote mbili wakawa hawana wa kumkemea. Kura iliahirishwa tena na tena. Tarehe 17 Agosti maseneta watatu, wa Kakamega, Samburu na Bomet, walikamatwa na polisi siku ambayo kikao kilipangwa. Mambo yalitulia tarehe 17 Septemba, kwa makubaliano kwamba fomula mpya isubiri hadi mgao wa kaunti utakapopanda kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili asiwepo wa kunyang'anywa alichokuwa nacho.

Ukilitia jambo hilo katika hesabu ya asilimia, litaonekana kama kura moja tu iliyopita bila ya upinzani, sawa na hoja ya kuahirisha kikao. Na kumbe ndiyo mara pekee ninayoikumbuka ambapo chama kilikosa nguvu kabisa katika Seneti, kwa sababu kila seneta alijua kwamba akirudi nyumbani ataulizwa fedha ziko wapi, na jibu la "chama kiliamua" lisingemsaidia kitu.

Sasa linganisheni na miezi minne tu kabla ya hapo. Tarehe 22 Mei 2020 Seneti hiyo hiyo ilimwondoa Kithure Kindiki katika kiti cha Naibu Spika kwa kura 54 dhidi ya 7. Kosa lake kubwa lilikuwa kutohudhuria mkutano wa wabunge wa Jubilee ulioitwa Ikulu. Hapo kaunti haikuhusika, kila mmoja alipiga kura yake, na chama kilipata kilichokitaka pamoja na msaada wa upinzani, kwa kuwa wakuu wao, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, walikuwa wameshapeana mikono tangu Machi 2018. Ni watu wale wale, na mwaka ule ule. Mtu akiniuliza kama maseneta wa 2020 walikuwa watiifu kwa vyama, nitamwambia walikuwa watiifu mno mwezi wa Mei na wakaidi mno mwezi wa Agosti, na kilichobadilika kilikuwa ni swali lililowekwa mezani.

La tatu ni la kitaalamu kidogo, nivumilieni. Gavana akifikishwa mbele ya Seneti kwa kuondolewa, Seneti huamua kwanza kama itamsikiliza katika kikao kizima au katika kamati ya watu 11. Kamati ikisema mashtaka hayakuthibitishwa, jambo limekwisha, hakuna kura ya wote. Juni 2020 gavana wa Kirinyaga, Anne Waiguru, alinusurika kwa njia hiyo. Watu walizifuata siku za kamati kama mechi, lakini kwa maoni yangu kura iliyoamua hatima yake ilikuwa ni ile ya awali, ya kuchagua kamati badala ya kikao kizima. Vyama vinazijua kura za namna hii. Sisi huzipita kama utaratibu mkavu.

---

Kijana wa Kongowea

Ninaomba nitofautiane nanyi kwa heshima, wakubwa zangu.

Mnazungumza kana kwamba kukifuata chama ni aibu. Mimi ninauza nguo sokoni Kongowea, na siku ya uchaguzi wa 2022 nilisikia kwa masikio yangu watu wakiambiana wapige kura mtindo wa suti, yaani kutoka juu mpaka chini rangi moja. Watu wengi waliomchagua seneta hawakumchagua yeye, walikichagua chama. Mwaka 2013 Mombasa ilimpa Hassan Omar wa Wiper, mwaka 2017 na 2022 ikampa Mohamed Faki wa ODM, na mara zote tatu aliyeshinda alitoka katika muungano uliokuwa ukiongozwa na Raila Odinga. Basi seneta akikifuata chama anamtii mpiga kura aliyemtuma kwa jina la chama. Yule anayekwenda kinyume ndiye anayepaswa kutueleza amepata wapi ruhusa.

Tena mnasema kaunti kana kwamba ina mdomo. Mombasa inasema nini juu ya mswada wa uvuvi? Wa Likoni watasema hivi, wa Nyali watasema vile. Chama angalau kina ilani iliyoandikwa.

---

Mkaazi wa Kuze

Mdogo wangu, hoja yako ina uzito na sitaki kuipitia juu juu. Nakubali kwamba aliyechaguliwa kwa suti ana deni kwa fundi wa suti. Nakubali pia kwamba kaunti haina mdomo mmoja, na kwamba seneta mkaidi anaweza kujificha nyuma ya neno "kaunti" kama vile mwenzake anavyojificha nyuma ya neno "chama".

Lakini ngoja nikuonyeshe mahali hoja hiyo inapokwama, nayo ni hapa hapa kwetu. Waliopiga kura 2022 kwa rangi ya chungwa, yaani ODM, walikichagua chama kilichokuwa ndani ya muungano wa Azimio, kikiipinga Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto. Julai 2024 wakuu wanne wa chama hicho, akiwemo gavana wetu wa zamani Hassan Joho, waliteuliwa kuwa mawaziri. Tarehe 7 Machi 2025 Raila Odinga na Rais William Ruto wakatia saini mkataba wa kufanya kazi pamoja. Tuseme seneta mmoja alipiga kura kuupinga mrengo wa serikali tangu Septemba 2022, kisha akawa anauunga mkono tangu Machi 2025. Ukimpima kwa msimamo utasema ni kigeugeu. Ukimpima kwa utiifu wa chama atapata alama zote, kwa kuwa chama ndicho kilichogeuka. Na mwenzake ambaye hakubadilika hata kwa unywele, anayesema leo alilolisema 2022, huyo ndiye anayeitwa mwasi. Sasa mpiga kura wako wa suti, alimtuma yupi kati ya hao wawili?

Simlaumu aliyegeuka wala aliyebaki. Ninasema tu kwamba utiifu wa chama haupimiki ikiwa hatukuandika kando tarehe ambayo chama chenyewe kilihama.

---

Mwalimu Mstaafu, Tudor

Na mkumbuke kwamba wapiga kura hawana njia rahisi ya kumrudisha nyumbani anayewakosea. Kifungu cha 104 cha Katiba kinatupa haki hiyo, lakini Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu muhimu vya sheria iliyopaswa kuitekeleza, mwaka 2017. Kwa hiyo chama kina rungu la kumtoa seneta kitini, na sisi tuliomchagua tuna kalamu ya kila miaka mitano. Tusistaajabu akitazama upande wenye rungu.

---

Bint Likoni

Kaka, nimefuata ushauri wako. Jana usiku nilifungua tovuti ya Bunge kwa simu, nikapakua Hansadi ya siku moja ambayo nilikumbuka kwamba palikuwa na mjadala wa Bandari na ajira za vijana wa Pwani. Nikatafuta jina la seneta wetu, likatokea mara nyingi. Nikafurahi. Nikaenda mpaka mwisho kutafuta kura yake, sikuiona. Nikarudia mara ya pili, nikitazama kila ukurasa mpaka macho yakauma. Imeandikwa tu kwamba swali liliulizwa na kukubaliwa. Je, inawezekana nimepakua faili isiyo kamili?

---

Mkaazi wa Kuze

Faili yako ni kamili, dada. Hiyo ndiyo kura ya sauti. Hotuba imebaki, kura haikubaki. Kama hata seneta mmoja angesimama siku ile kudai waitwe kwa majina, na wenzake wa kutosha wakamuunga mkono kama kanuni zinavyotaka, ungekuwa na ukurasa wa orodha mkononi mwako. Kwa hiyo tazama tena faili yako, na safari hii utafute kama kuna yeyote aliyedai hivyo. Kudai kura ya majina nako ni kitendo cha seneta, ingawa hakuna anayekihesabu.

Kwa wale wanaotaka kuanza na kitu kilichokamilika, chukueni usiku wa tarehe 17 Oktoba 2024, wakati Seneti ilipomhukumu Naibu wa Rais Rigathi Gachagua. Hapo kila seneta alikuwa na kura yake na zilihitajika thuluthi mbili za maseneta wote, yaani 45. Mashtaka yalikuwa 11 na kila shtaka lilipigiwa kura mbali. La kwanza lilipata kura 53 dhidi ya 13. Alipatikana na hatia katika matano na akaondolewa, lakini katika sita idadi haikufika, ambayo maana yake ni kwamba kuna maseneta waliosema ndiyo kwa shtaka moja na hapana kwa jengine, usiku ule ule, mbele ya kiranja yule yule. Hao ndio ninaotaka kuwajua kwa majina.

Nimezipanga kurasa hizo kwa safu 11, jina moja moja. Nimefika herufi ya M na penseli imekwisha. Ami amesema Ijumaa nizilete barazani, na kwamba yule mwenzetu wa muhuri ndiye atakayezisoma kwa sauti.

---

Bint Likoni

Nimetazama. Hakuna aliyedai.